Mashine Isiyojua Kubahatisha

Leo nataka kuwasimulia habari ya kitu ambacho jicho halikioni wala mkono haukishiki, lakini kila siku kinalinda barua zetu, picha za watoto wetu, na pengine hata fedha zetu. Kitu chenyewe ni nasibu, yaani jambo litokealo bila mtu yeyote kuweza kulitabiri. Sarafu ikirushwa juu, itaanguka upande gani? Tone la kwanza la mvua litagonga bati la nani? Hakuna ajuaye.

Labda utaniuliza, "Ndugu mwandishi, nasibu ina kazi gani nyumbani kwangu? Mimi nina shamba langu, nina mbuzi wangu, na simu moja ya kupangusa ambayo mwanangu aliniletea kutoka mjini." Naam, simu hiyo hiyo ndiyo ninayotaka kuisema. Simu nyingi za namna hiyo huendeshwa na programu iitwayo Android, na ndani kabisa ya Android mna kiini kiitwacho Linux. Mafundi hukiita kiini hicho kerneli. Ndicho kiamkacho mapema simu inapowashwa, nacho ni kama msimamizi wa shamba kubwa: programu nyingine zote huja kwake kuomba nafasi, kuomba zana na kupewa zamu. Kati ya kazi zake nyingi iko moja ambayo watu wachache huijua. Kazi hiyo ni kukusanya nasibu.

Kwa nini aikusanye? Kwa sababu bila nasibu hakuna siri. Fikiri barua unayomwandikia binti yako aliye chuoni. Zamani ungeitia katika bahasha na kuigandisha kwa gundi. Leo waiandika kwenye simu, nayo hupita katika mikono mingi: minara, nyaya zilizolazwa chini ya bahari, mashine za nchi za mbali. Ili walio njiani wasiisome, simu huifunga kwa ufunguo. Ufunguo huo si wa chuma, ni namba. Jinsi kufuli lenyewe linavyofanya kazi si siri hata kidogo. Imeandikwa wazi, na yeyote apendaye aweza kuisoma. Siri yote imo katika namba ile. Mwizi akiijua amekwisha kuingia. Asipoijua, na asipoweza kuibahatisha, atakaa nje mpaka achoke.

Basi namba hiyo yatoka wapi? Hapo ndipo penye ajabu, maana kompyuta, pamoja na ujuzi wake wote wa hesabu, haijui kubahatisha.

Mimi hupenda kuufananisha ugumu huu na mchezo wa bao. Wazee wetu hucheza bao chini ya mwembe, kete 64 na mashimo 32, wala hakuna mahali pa bahati katika mchezo ule. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa. Kete zikikaa hivi, na mchezaji akianza na shimo lile, basi mzee hodari atakuambia kete ya mwisho italala wapi kabla mkono haujagusa ubao. Rudia mara 100 kwa mpango uleule, itakwenda kulala palepale mara 100. Kompyuta ndivyo ilivyo. Imefundishwa kutii tu. Ukiipa mwanzo uleule na amri zilezile, italeta jibu lilelile leo, kesho na mwaka ujao. Kwa kuhesabu mishahara sifa hiyo ni njema sana. Lakini kwa kutunga siri ni balaa, maana kitu ambacho mashine moja yaweza kukitunga kwa hesabu, mashine nyingine yaweza kukitunga vilevile.

Msidhani ya kuwa haya ni maneno ya darasani tu. Mwaka 1995 ilikuwako programu mashuhuri ya kufungulia kurasa za intaneti, jina lake Netscape, na watu walikuwa wameanza kupitisha namba zao za benki ndani yake. Vijana wawili waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, waliichunguza. Waliona kwamba namba zake za siri zilianzia kwenye vitu vitatu tu: saa ya mashine wakati ule, na namba mbili ndogo ambazo kompyuta huzipa programu zinapoanza kazi. Sasa, saa hata mwizi anayo! Yeye hujua ya kuwa barua ilitumwa adhuhuri, na hizo namba ndogo atazijaribu moja moja mpaka apate. Kufuli lilikuwa jema, bali ufunguo ulikuwa umewekwa chini ya zulia. Netscape waliarifiwa, nao wakatengeneza.

Pengine utasema, "Kama mashine haiwezi, basi mtu na ataje namba mwenyewe." Hata hilo halifai. Fanyeni jaribio dogo nyumbani jioni moja, kama nilivyofanya mimi na watoto wa nyumbani kwetu. Mwambie mtoto mmoja aandike kutoka kichwani mwake mfuatano wa kurusha sarafu mara 40, bila kuwa na sarafu. Mwingine mpe shilingi airushe kweli mara 40 na aandike. Kisha tazameni karatasi zote mbili. Mara nyingi mtatambua ipi ni ya kweli. Yule wa kichwani huogopa kuandika upande mmoja mara nyingi mfululizo. Huona kama si haki, basi hugeuza geuza. Lakini shilingi haina aibu. Huanguka upande mmoja mara 4, mara 5, pengine mara 6 pasipo kujali. Akili ya mtu hupenda mpango, na penye mpango ndipo mwizi hupata njia.

Kwa hiyo nasibu haina budi kutafutwa nje, katika ulimwengu wenyewe. Swali ni hili: mashine isiyo na macho wala masikio itaipataje?

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Mwaka 1994 fundi mmoja wa Marekani, Theodore Ts'o, alikitengenezea kiini hicho njia ya kukusanya nasibu, na njia hiyo mimi naiona nzuri kwa urahisi wake. Katika nchi zetu mtu haingii nyumbani kwa mwenzake bila kupiga hodi. Kompyuta nayo ina desturi hiyo. Kibodi, kipanya, diski, waya wa mtandao, kila kimoja kikitaka kusema na kiini, hupiga hodi. Kiini huacha kazi yake kidogo, huitikia, hupokea habari, kisha hurudia kazi. Hodi hizi huja kwa mamia na maelfu. Ts'o hakuangalia sana ni nani aliyepiga hodi. Aliangalia ni lini hasa hodi ilipigwa.

Nawapeni mfano. Mama mmoja huenda kisimani kila siku alfajiri. Kijiji kizima chajua ya kuwa huenda saa 12. Hilo si siri. Lakini hakuna ajuaye, wala yeye mwenyewe hajui, ataweka mguu kwenye jiwe la kisima katika pigo gani la moyo wake. Saa ya ndani ya kompyuta za leo huhesabu zaidi ya milioni elfu kwa sekunde moja. Kwa saa kali namna hiyo, hata mtu aandikaye upesi kwa mpango mzuri huonekana kuwa anayumba yumba. Kidole kimechelewa kidogo. Diski zile za kuzunguka zimesukumwa na hewa iliyo ndani yake. Habari ya mtandao imekawia njiani. Kiini hutwaa mkia wa ile hesabu ya saa, zile tarakimu za mwisho zisizotabirika, na kuziweka akiba.

Haba na haba hujaza kibaba. Hodi moja huenda ikatoa nasibu kidogo mno, sawa na kurusha sarafu mara moja, au pungufu ya hapo. Lakini zikikusanywa nyingi, hesabu hukua upesi. Ukirusha sarafu mara 10, njia zinazowezekana ni 1,024. Ukirusha mara 20, njia zimepita milioni moja. Kiini cha Linux hutaka nasibu iliyo sawa na kurusha sarafu mara 256. Njia zake ni namba yenye tarakimu 78, na hata kompyuta zote za dunia zikishirikiana kujaribu njia moja baada ya nyingine hazitamaliza.

Akiba hiyo haikai kama mawe katika kapu. Kiini huikoroga. Kila kinachoingia mtunguni huchanganywa na vyote vilivyokuwamo, kwa hesabu ya namna ya pekee isiyoweza kurudishwa nyuma. Tangu mwaka 2022 hesabu itumikayo katika Linux kwa kazi hiyo huitwa BLAKE2s. Kina mama watanielewa upesi: unga wa mahindi na wa mtama ukishakorogwa katika uji mmoja, hakuna mwiko wa kuukoroga kinyume ili kila unga urudi katika mfuko wake. Tena kuna faida nyingine. Adui akifaulu kutia kijiko cha kitu anachokijua yeye, haipunguzi siri iliyokwisha kuwamo mtunguni. Ubaya hutokea tu pale ambapo vyote vilivyomo anavijua yeye.

Mtungi ukishajaa, kiini huchota mbegu, nayo mbegu hiyo hustawishwa kwa hesabu mpaka itoe namba za siri nyingi kadiri programu zinavyoomba. Hapa hesabu hufanya kazi njema, kwa sababu mwanzo wake haujulikani. Mkulima hahitaji gunia zima kuotesha shamba. Huhitaji mbegu safi kiasi, na mvua. Na kama mkulima atunzavyo mbegu ya msimu ujao, kompyuta nyingi nazo kabla ya kuzimwa huweka mbegu kidogo katika diski, ili kesho yake asubuhi zisianze na mtungi mkavu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Vipi kuhusu mashine iliyozaliwa leo?

Fikiri kijisanduku kile cha intaneti kiitwacho ruta, ambacho huwekwa maofisini na majumbani. Kimetoka kiwandani, ndani ya boksi, kikiwa sawasawa na wenzake elfu nyingi. Hakina kibodi, hakina kipanya, hakina diski ya kuzunguka. Hakuna mtu wa kukigusa. Wala hakina mbegu ya jana, maana hakikuwa na jana. Kinachomekwa kwenye umeme, na katika dakika yake ya kwanza, kabla hajafika mgeni wa kupiga hodi, kinaambiwa, "Haya, jichongee ufunguo wako." Tena si ufunguo wa siku moja, bali ule kitakaoutumia maisha yake yote. Kitafanya nini? Kitachota katika mtungi mtupu.

Mwaka 2012 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitoa habari ya kazi waliyoifanya. Walikusanya kutoka intaneti nzima zile sehemu za kufuli ambazo huonyeshwa hadharani, mamilioni kwa mamilioni, wakazilinganisha. Walikuta ya kuwa waliweza kupata funguo za siri za mashine kama 5 katika kila 1,000 zilizofungwa kwa namna itumikayo kulinda kurasa za intaneti. Zilikuwa makumi ya maelfu ya mashine. Nyingi hazikuwa kompyuta kubwa za mabenki. Zilikuwa visanduku vidogo vidogo, kama kile nilichokisema.

Waliwezaje bila kuvunja kitu chochote? Watoto wetu wa shule ya msingi wanaijua hesabu yenyewe. Walimu huiita kigawo kikubwa cha shirika. Kufuli la namna hiyo hutengenezwa kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa sana. Jawabu huonyeshwa kwa watu wote, bali zile namba mbili hufichwa. Ukiwa na jawabu moja tu, kuzitafuta zile mbili ni kazi isiyomalizika. Lakini chukua mfano mdogo. Mashine ya kwanza imezidisha 3 kwa 7, ikaonyesha 21. Mashine ya pili imezidisha 3 kwa 11, ikaonyesha 33. Mtoto atazame 21 na 33 pamoja, atakuambia mara moja: zote zagawanyika kwa 3. Basi kufuli zote mbili zimefunguka. Ndivyo ilivyokuwa. Mashine mbili zisizojuana, huenda moja iko bara hili na nyingine bara lile, zilizaliwa katika hali ileile, zikachota katika mtungi mkavu uleule, zikapata namba ya kwanza ileile. Kwa namba za tarakimu mamia hesabu hiyo huifanya kompyuta kwa muda mfupi sana.

Jambo linalonisumbua mimi ni hili: wale waliokuwa na visanduku hivyo hawakuona dalili yoyote. Mlango mbovu hulia, bati lililotoboka huvuja. Bali kufuli lililochongwa kwa nasibu haba hufanana kabisa na lililochongwa kwa nasibu tele. Hufunga vilevile, hufungua vilevile, na alama ya kufuli huonekana vilevile kwenye kioo. Mwenye nyumba hulala usingizi, na ajuaye kuwa mlango u wazi ni mwizi tu.

Jambo kama hilo lilitokea pia mahali ambapo mtungi ulikuwa umejaa. Debian ni mkusanyo mashuhuri wa programu za Linux. Mwaka 2006, katika kusafisha programu moja ya kufungia siri, mistari miwili ilionekana kuwa na kasoro, ikaondolewa. Kumbe moja ya mistari ile ndiyo iliyokuwa mfereji wa kupitishia nasibu! Tangu siku hiyo, kwa kila aina ya mashine na kila ukubwa wa ufunguo, funguo zilizoweza kutokea zilibaki 32,768 basi. Hiyo ni hesabu ambayo kompyuta huimaliza upesi. Kosa hilo lilikaa karibu miaka miwili, likagunduliwa na kutangazwa mwezi wa Mei 2008. Watu wengi mno waliokuwa wamechonga funguo zao katika muda huo iliwapasa kuzitupa na kuchonga nyingine.

Baada ya aibu hizi mafundi hawakulala. Mwaka uleule wa 2012 kiini cha Linux kilirekebishwa ili kikusanye kutoka hodi za kila namna, na mapema zaidi. Mwaka 2014 kikapewa mlango mpya wa kuombea nasibu, wenye sharti moja: kama mtungi haujajaa mara ya kwanza, mwombaji husubiri. Hapo pakazuka shauri lililo gumu kuliko linavyoonekana. Je, mashine ingoje, au iendelee na kazi?

Mwezi wa Septemba 2019 shauri hilo lilidhihirika kwa namna ya kuchekesha kidogo. Mafundi walikuwa wameboresha jinsi Linux inavyosoma diski, ili isiisumbue mara nyingi. Kazi njema, si ndiyo? Lakini diski ikisumbuliwa mara chache, hodi zake nazo huwa chache. Baadhi ya kompyuta zikawashwa, zikaomba nasibu, zikaambiwa zingoje; na kwa kuwa zilikuwa zikingoja hazikufanya kazi, na kwa kuwa hazikufanya kazi hapakuwa na hodi. Zikakaa kimya namna hiyo, kila mmoja akimngoja mwenzake, kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja akisema, "Tangulia wewe." Torvalds kwanza aliyaondoa yale maboresho ya diski. Kisha akatia njia nyingine: mtungi ukiwa mkavu na mtu anasubiri, kiini hujishughulisha chenyewe kwa kazi ndogo ndogo, kikipima jinsi muda wake unavyoyumba, mpaka kipate akiba ya kutosha.

Wako watakaouliza, kwa nini wasitengeneze chombo cha nasibu ndani ya mashine yenyewe? Wametengeneza. Tangu mwaka 2012 chipu za kampuni ya Intel zina sehemu ndogo itoayo nasibu kutokana na mtetemo wa joto ulio ndani ya nyaya zake. Kiini huomba, nayo hujibu upesi sana. Lakini wenye hekima waliuliza: je, twaweza kuona ndani ya chungu hicho kilichofunikwa? Aliyekifinyanga akikosea, au akishawishiwa na wakubwa, tutajuaje? Mwaka 2013 mafundi wa FreeBSD, ambayo ni ndugu wa Linux kwa kazi, waliamua wasitumie jibu la chipu peke yake, bali walitie mtunguni na kulikoroga pamoja na mengine. Linux nayo huchanganya. Na hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 2019 baadhi ya chipu mpya za kampuni ya AMD, zikiombwa namba ya nasibu, zilijibu namba ileile daima, mpaka zilipopelekewa marekebisho. Aliyemtegemea shahidi huyo mmoja alipotea. Aliyesikiliza mashahidi wengi hakudhurika. Hata baraza la wazee halikati shauri kwa neno la mtu mmoja.

Wengine hutafuta nasibu kwa njia za kupendeza macho. Kampuni ya Cloudflare, ambayo hulinda kurasa nyingi za intaneti, imeweka katika ofisi yake ya San Francisco ukuta wa taa kama 100, zile ambazo ndani yake nta ya rangi hupanda na kushuka katika maji ya moto. Kamera huzipiga picha, na picha hizo hugeuzwa namba na kutiwa katika mtungi wa mashine zao. Hakuna ajuaye nta itachukua umbo gani. Lakini hata wao hawategemei taa hizo peke yake.

Basi, ndugu msomaji, rudisha macho kwenye simu yako. Unapopangusa kioo kumtafuta mwanao, kidole chako hupiga hodi. Kiini hupokea amri yako, na pamoja nayo hutwaa ule mkia wa saa, ule muda ambao hata wewe hukuukusudia, na kuukoroga katika mtungi. Mkono uliozoea jembe, mkono wa bibi unaotetemeka, mkono wa mtoto mwenye haraka, kila mmoja hutia chake. Mimi nalipenda jambo hilo. Tumezoea kuambiwa ya kuwa mashine ni sahihi na sisi ni wazembe. Kumbe mahali hapa usahihi wake haufai kitu, nayo hutuomba sisi kidogo cha kuyumba kwetu.

Lakini yako mambo ambayo kiini hakiwezi kukufanyia, nami nayaandika haya kwa ajili ya nyumba zetu.

Kwanza, ile namba ya siri ya fedha wachagua mwenyewe. Hapo hakuna mtungi wala hodi. Ukichagua mwaka wa kuzaliwa mtoto, au 1234, umefanya kama Netscape ya mwaka 1995: umechukua kitu ambacho jirani anakijua. Ukitaka namba njema, chukua vipande 10 vya karatasi, viandike 0 mpaka 9, vitie katika kofia, vitikise, utoe kimoja, ukirudishe, utikise tena, mpaka upate tarakimu zote. Kisha ishike kichwani na karatasi ichome motoni. Umefanya kwa mkono wako kile kiini kifanyacho.

Pili, simu au kisanduku cha intaneti kikikuletea taarifa ya marekebisho, usiitupe siku zote kwa kuogopa gharama. Kuna siku utahitaji kukipeleka penye mtandao mzuri ukikubalie. Marekebisho ya mwaka 2008 na ya mwaka 2012 yaliwafaa wale tu walioyapokea.

Tatu, wale wanunuao vifaa kwa ajili ya shule, zahanati na vyama vya ushirika, wasitazame bei peke yake. Wamwulize muuzaji: je, kifaa hiki hupokea marekebisho kutoka kwa mtengenezaji, na kwa miaka mingapi? Kifaa ambacho mtengenezaji wake amekwisha kukisahau ni rahisi dukani, lakini majina ya wagonjwa na akiba za wakulima vikiwamo ndani yake, urahisi huo waweza kuwa ghali.

Watu wengi waliofanya kazi hii ya mtungi hatutawajua kwa sura. Wengine waliifanya bila mshahara, usiku, baada ya kazi zao za mchana, wakibishana juu ya hodi moja yafaa kuhesabiwa nasibu kiasi gani. Nasi huku, kioo kikiwaka, twaona alama ndogo ya kufuli, twaandika, "Shikamoo mama, nimefika salama," na barua inakwenda imefungwa.